Kiraka cha Pazia la Sinema

Mafundi waliokuwa wakibomoa ukumbi wa zamani walikuwa wameshaezua paa na sasa wanashusha pazia jeupe la kuonyeshea sinema, Bi Mwantumu alipoingia polepole.

“Wanangu, naomba kile kiraka tu. Nilikishona mimi, kwa kanzu ya marehemu mwanangu.”

Fundi Shebe akacheka. “Kumbe ni wewe, bibi! Kila steringi wa filamu akipita pale, anapata kovu shavuni.”

“Mimi nilikuwa nakuja kukitazama hicho, si steringi.”

Shebe akalivuta pazia hadi penye kiraka. Mwenzake akampa kisu, hakukipokea. Aliketi sakafuni akafumua uzi mmoja mmoja, nguo isichanike.

Bi Mwantumu akakichukua kiraka, akaenda kwenye kiti chake cha mbele, akakitandaza magotini. Jua likakiangukia. Akakaa anakitazama.