Kioo cha Bendera

Katika nchi ile, bendera za vita hazikuonyeshwa kwa kila mtu. Kila moja ilihifadhiwa nyuma ya kioo cheusi, kilichong'aa pale tu aliposogea mtu wa damu ya askari aliyeibeba. Na kila aliyetambuliwa na kioo aliitwa jeshini alipotimiza miaka kumi na minane.

Mzee Rwegasira, aliyeuitikia wito huo ujanani bila kunung'unika, alitaka kujua jambo moja tu: kama damu ya babu yake, aliyebeba bendera vitani Burma, ingeendelea. Ndiyo maana alimleta Kokugonza, mke wa mwanawe wa pekee, mwenye mimba ya miezi saba, kwenye chumba cha bendera hiyo.

"Mzee, rudi nyuma," mke wa Mzee, aliyekuja nao, alimtania, "usije ukakiwasha kioo mwenyewe kisha ukamsingizia mtoto."

Akarudi hadi mlangoni, akasimama wima kama mwanafunzi wa bweni kwenye gwaride. Kokugonza akasogea peke yake. Kioo kikang'aa polepole na bendera ikaonekana, nyekundu iliyochujuka, matundu yake ya risasi yameshonwa kwa uzi mweupe.

"Ni wetu," alisema Mzee Rwegasira, furaha imemjaa kifuani. Akapiga saluti.

"Baba," Kokugonza aliuliza bila kugeuka, "ina maana ameshaandikwa?"

"Ameshaandikwa, mwanangu. Ni heshima."

Kokugonza akalishika tumbo kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume mpaka kioo kikawa cheusi tena. Mzee hakuushusha mkono. Yeye alikuwa bado anaiona bendera.