Damu ya Mke Mwenza

Mwanakheri alikiinua kichupa akakitazama kwenye mwanga wa dirisha la maabara. Ndani yake mlikuwa na majimaji ya damu ya Salha, mke mwenzake, aliyelazwa wodini kwa vijidudu vilivyomshika moyo. Jana alikuwa ameyachanganya na vijidudu hivyohivyo, aone kama dawa iliyomo katika damu inaviua. Yakibaki safi, dawa inaua. Haya yalikuwa yamechafuka kama maji ya kuoshea mchele.

Mume wao, Hamdani, akachungulia mlangoni, macho mekundu kwa kukesha.

"Mama Nadra, vipi majibu?"

Mwanakheri alipomzaa Nadra kwa upasuaji, Hamdani hakumkeshea hata usiku mmoja. Kwa wivu akakifumba kichupa kiganjani.

"Bado," akasema.

Hamdani akaondoka ameinamisha kichwa. Mwanakheri akabaki na kichupa mkononi. Angekaa kimya kidogo tu, vijidudu vingemaliza kazi, na hakuna ambaye angemlaumu. Wazo hilo likamtisha. Akatoka mbio mpaka kwa daktari.

"Dawa ya Salha haitoshi. Iongezwe sasa hivi."

Ikaongezwa. Kipimo kilichofuata kilitoka safi, na Mwanakheri akaipeleka habari wodini mwenyewe. Salha akamshika mkono akaubusu.

"Dada yangu, Mungu akulipe."

Mwanakheri hakuutoa mkono wake. Alikuwa akitazama vidole vilivyomshika, vyembamba, na kwenye kucha hina ya harusi ilikuwa haijafutika bado.