Kikombe cha Tatu

Bi Verna Kuhlman alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kwenda getini Odell alipotoka nyuma ya kaunta ya bia na kuanza kumkimbilia.

"Odell, mchumba anakutoroka?" Gus, mwenzake wa kaunta, alimtania, huku akifuta bomba la bia. "Mwambie leo ndiyo mwisho, kesho tunafunga."

Odell hakucheka. Magoti yalikuwa yakimuuma.

Kabla ya magari ya reli ya kupindua watu vichwa chini, na kabla ya bustani nyingine za burudani kama ile ya Tampa kuzaliwa katika miji mingine, pale palikuwa na kiwanda cha bia na kasuku wengi nyuma yake. Ukishatembezwa kiwandani unapewa bia bure: vikombe viwili, na kila mtu achukue vyake mwenyewe. Katika miaka kumi na tisa Odell alikuwa ameivunja sheria hiyo mara moja tu.

Tangu hapo, kila mwezi wa Machi, Bi Verna alikuja kwa basi, akaketi karibu na kasuku na soda ya tangawizi, akimtazama Odell.

Odell alimkuta kwenye kituo cha basi.

"Bi Verna, ngoja. Nina neno kuhusu mumeo."

"Harlan?"

"Siku ile ya ajali ya gari alikuja kaunta mara tatu. Wewe ulikaa kule kwa kasuku, naye alirudi huko na kila kikombe."

"Sisi ni Wabaptisti, Bwana Odell, pombe kwetu ni mwiko. Kanisa zima lilikuwa kwenye matembezi yale."

"Najua. Ndiyo maana sikukutegemea kaunta. Lakini yeye aliniambia, 'Kaka, kimoja cha mwisho, twende zetu nyumbani.' Hakuwa hata na harufu ya pombe. Nikampa cha tatu, nikijua ataendesha gari." Odell alivua kofia. "Mimi ndiye niliyemuua."

Bi Verna aligeuka kutazama barabara. Basi lilikuwa linapinda kona.

"Miaka yote hii umebeba hilo?"

"Kila siku."

Mlango wa basi ulifunguka. Bi Verna alikishika kiganja cha Odell.

"Nimekusamehe," alisema, akapanda.

Kiwanda kilibomolewa mwaka huohuo. Ilipokuwa kaunta, leo watu wanapanga foleni ya kupinduliwa. Bustani zote ziliuzwa kwa watu wasiojua kupika bia. Gus alikwenda Clearwater kuuza boti. Odell alihamia Ocala kwa dada yake, akaishi miaka saba, na kila Jumapili alimwombea Bi Verna kwa jina. Bi Verna alifariki mwaka 2008. Mpwa wake, akisafisha nyumba, alikuta ndani ya Biblia ripoti ya polisi ya ajali ile, iliyokunjwa hadi kuchanika. Marehemu: Harlan Kuhlman, abiria, damu haina pombe.

Dereva: mkewe.