Dubu wa Dirishani

Tangu sili, wanyama wa baharini wanaowindwa na dubu, waishe huku kwenye barafu ya Aktiki tulikohamia, sheria inasema maiti wetu ni chakula cha dubu. Nao dubu wamejifunza kunusa kifo mapema. Akiketi mmoja nje ya nyumba, majirani huleta mikeka ya matanga.

Jana aliketi chini ya dirisha la mume wangu Shekue, mwenye kikohozi. Jirani yetu Bi Rukiya akaja na mkeka.

"Pole, mwenzangu."

"Pole ya nini? Mume wangu anakunywa uji!"

Nikamfukuza yeye na mkeka wake. Kisha nikagonga sufuria dirishani. "Utangoja sana, we mnyama!"

Leo Shekue ameamka hakohoi. Dubu amehamia dirisha la jikoni, na kila nikisogea, kichwa chake kinanifuata.

Nimeichukua tena ile sufuria.