Mteremko wa Uani

"Nikutilie sahihi kwamba unajua kupanga mandhari, na maji ya uani kwako yamelala jikoni kwangu?" Bwana Mkwavi aliuliza, suruali kaikunja hadi magotini.

"Mzee wangu, hiyo ni mvua, si mimi," Nuriati akajibu, fomu kaikumbatia kifuani.

"Mvua ndiyo iliyotandaza vigae vikaelekea kwangu?"

Majirani walishasogea ukutani kusikiliza, kama wamealikwa. Nuriati alitamani ardhi impasukie. Mkwavi, jirani yake, ndiye msanifu wa mandhari mwenye leseni aliyemsimamia kazini miaka miwili. Bila sahihi yake asingeruhusiwa kufanya mtihani wa leseni, na maombi yangefungwa leo saa kumi. Sasa ilikuwa saa nane na nusu.

Akaiweka fomu dirishani kwa Mkwavi, akavua viatu, akaenda uani kwake kung'oa vigae vyake mwenyewe, vile alivyokuwa akimwonyesha kila mgeni kwa fahari. Akashika jembe, akachimba mfereji.

Mkwavi alimfuata, akachuchumaa, akafumba jicho moja kupima mteremko. "Ongeza kina hapo."

Akaongeza. Maji yakasitasita, kisha yakageuka kuelekea mtaroni.

"Sasa je, mzee?"

Mkwavi aliichukua fomu, akaingia nayo ndani, akipapasa mifuko kutafuta miwani na kalamu. Nuriati akamfuata, akabaki mlangoni, miguu haitulii.

Mke wa Mkwavi akatokea na birika la maji. "Unasimama kama mdai? Nawa, mwanangu. Wali umeshapakuliwa, na sahani yako ipo."