Mchungwa wa Shangazi Mwantumu

Siku Mamlaka ilipoipa michungwa ya Muheza sauti, tulipiga makofi. Sijasahau.

Minyoo ilipoanza kula mizizi, sheria ikaruhusu dawa ya Mamlaka peke yake. Shangazi Mwantumu akauzungushia maua ya bangimwitu, gugu ambalo harufu yake hufukuza minyoo, mchungwa wake, ule uliopandwa juu ya kitovu cha marehemu mwanawe. Minyoo ikahama.

Mkaguzi akauuliza mti, "Umeponaje?"

"Mama kanipandia maua!"

"Funga domo, we!" shangazi akafoka. "Kiangazi kizima nimekubebea maji kichwani!"

"Kwani nimekosa nini, mama? Hata majirani umewapa mbegu."

Wakamchukua shangazi. Hadi leo mti unatuita kwa majina, unauliza mama atarudi lini. Nasi, mabingwa wa kupiga makofi, tunapita mbali bila kuitikia, tusije tukatajwa.