Sauti ya Zuwena

Kila Jumamosi kwa miaka miwili, Bi Siwatu alikwenda nyumbani kwa Mama Zuwena, akaweka kinasa sauti mkekani na kumrekodi mtoto akijifunza kusema. Akirudi ofisini aliandika kila neno daftarini, kisha akaifuta kanda ili aitumie kwa mtoto mwingine. Ndivyo walivyofanya watafiti wote pale. Kanda zilikuwa chache.

Leo Mama Zuwena ndiye aliyemfuata ofisini. Arobaini ya mwanawe ilikuwa imesomwa jana.

"Sikuja kukulaumu, mwalimu. Nataka kumsikia tu. Sauti yake imeanza kunipotea."

Siwatu hakuwa na kingine cha kumpa, akafungua daftari. "Mama, njoo. Mama, jua limelala." Alisoma vizuri, kama asomavyo mbele ya wakubwa zake.

"Hiyo ni sauti yako," Mama Zuwena akamkatiza.

"Kanda tulizifuta, mama. Lakini maneno yake yote yamo humu, halikupotea hata moja."

"Kanda yake ilikuwa ipi?"

Siwatu akamwonyesha ile iliyokuwa ndani ya kinasa sauti. Mama Zuwena akabonyeza kitufe mwenyewe, kama alivyokuwa akimwona mgeni wake akifanya. Kandani mtoto mwingine, wa watu, akacheka, akaita, "Mama!"

"Abee, mwanangu," Mama Zuwena akaitika, akiinamia meza.

Siwatu alishtuka kuona mkono wake mwenyewe umeshashika kalamu, tayari kuandika.